Chupa ya Tabitha

Averil Gwilliam alikanyaga maji mlangoni mwa stoo akadhani Humphrey amesahau tena kufunga bomba. Alimsonya mumewe ambaye hata hakuwepo, akapapasa ukuta kutafuta swichi. Taa ilipowaka aliona kwamba maji yale yana rangi ya dhahabu, na kwamba yalikuwa yakidondoka kutoka rafu ya juu kabisa, rafu ya chupa za ukoo.

Chupa iliyokaa pale tangu Machi ilikuwa imebaki tako. Shingo yake ilikuwa sakafuni upande wa pili wa stoo, kizibo kimo, nta juu ya kizibo, na waya umeizunguka nta vilevile alivyoufunga yeye mwenyewe. Kilichokuwa kati ya tako na shingo kilikuwa kimetawanyika kila mahali. Kipande kimoja kirefu kama kidole kilikuwa kimejichoma kwenye nguzo ya mbao. Averil alisogea kukitazama, na wala hakuhitaji kuinama au kunyanyua kichwa. Kilikuwa usawa wa macho yake.

"Leo unaoka mkate stoo, bibie?" Ilikuwa sauti ya Humphrey huko nje, akija kwa mwendo wake wa kuburuza, maana nyonga ya kulia ilikuwa imemgomea miaka miwili sasa. "Harufu imenifuata mpaka kwenye banda la trekta. Hamira tupu! Nikasema ahaa, mke wangu kanionea huruma, leo tutakula mkate wa maana badala ya yale matofali ya dukani."

Averil alishika ukingo wa rafu, macho bado kwenye kile kipande.

Kuna mkate na kuna mkate. Pale Hollin Bank, kwa akina Gwilliam, divai ya zabibu ilikuwa kazi ya Humphrey na mwanawe Rufus, nao waliipima kwa vijiti vyao vya kioo vinavyoelea na kuandika namba ukutani kwa chaki. Lakini divai ya asali, ndugu yake wanzuki, haikupimwa na kijiti. Ilipimwa na pua. Marehemu Dorcas, mama yake Humphrey, aliacha kanuni moja tu, na aliiacha kwa mkwewe, si kwa mwanawe: Kinachonuka mkate kingali hai, na kilicho hai hakifungwi. Maana yake hamira bado inaila asali humo pipani, na ikila inapumua, na pumzi ile ikifungiwa chupani itatafuta pa kutokea. Harufu ya mkate ikiisha, hamira imekufa, funga chupa ukalale. Kwa miaka thelathini na minne Averil aliinamia mapipa, akavuta pumzi, akasema "bado" au "tayari," na hakuna aliyemuuliza mara mbili.

Pua hiyo ilikufa Januari. Alishikwa na mafua siku tisa, homa ikaondoka, na ilipoondoka ilichukua pua kama mgeni mwizi anayeondoka na taulo. Mwanzoni Averil alidhani itarudi. Alinusa kahawa, akanusa kitunguu, akafikia kunusa viatu vya Humphrey, na hakuna kilichomjibu. Hakumwambia mtu. Aliona haya, na zaidi ya haya aliogopa, kwa sababu aliamini kwamba Averil asiye na pua pale Hollin Bank ni kizee wa kuosha glasi. Basi akajifunza kusoma nyuso. Nyusi ya kushoto ya Humphrey ikipanda, divai ni nzuri. Rufus akimuuliza, "Mama, unasikia nini humu?" alijibu, "Anza wewe," kama mwalimu, kisha akatikisa kichwa kukubali. Wao wakadhani uzee umemfundisha unyenyekevu. Waliosema mficha maradhi kifo kitamuumbua hawakuwahi kufika Hollin Bank, ila walimjua mtu wa namna yake.

Machi kulikuwa na baridi kali. Hamira pipani ilikuwa imelala kwa baridi, haijafa, na divai ya asali ilikuwa imetulia na kung'aa kama iliyokwisha. Averil aliinama, akavuta hewa isiyo na kitu, akainua uso akakuta watu watatu wanamtazama wakingoja.

"Tayari," alisema.

Neno moja tu. Chupa za kawaida zikatiwa vizibo vya kawaida na kupangwa nyuma ya stoo zingoje kuuzwa Agosti, nazo hazikuwa na shida kubwa, kwa sababu kizibo kitupu kikisukumwa huchomoka. Lakini mwaka ule Imogen, mke wa Rufus, alikuwa na mimba ya Tabitha. Na katika ukoo huu kila mtoto hujaziwa chupa mbili za divai ya asali ya mwaka wake, saa moja, pipa moja. Moja hukaa chini ya kitanda chake mpaka akue akihame kitanda, kisha hutunzwa ifunguliwe akitimiza miaka ishirini na mmoja. Ya pili ni pacha wake, hubaki stoo, endapo ya kwanza itavunjika. Hizo mbili hazifungwi kizibo kitupu. Hufungwa kizibo, nta, na waya juu ya nta, ili zikae miaka yote hiyo. Averil alizifunga kwa mikono yake, akazungusha waya mara sita badala ya mara tatu, akauvuta kwa koleo mpaka ukalia, huku akiimba. Hakuna aliyewahi kumfungia mtoto chupa kwa mapenzi kama yale.

Na sasa pacha alikuwa amepasuka. Stoo ndipo mahali palipokuwa na ubaridi kuliko pote shambani.

"Tabitha," alisema Averil.

"Tabitha kafanya nini?" Humphrey alikuwa amefika mlangoni. Aliona tako la chupa. Aliona kile kipande kwenye nguzo. Uso ukamsawijika.

"Ile nyingine iko chini yake," Averil alisema. "Chini ya kitanda chake. Humphrey, kile chumba kiko chini ya vigae. Kinachemka."

"Lakini si ulisema tayari?"

"Piga simu!"

Humphrey alipiga. Simu ya Imogen ilikuwa imezimwa. Mtoto akilala, Imogen huzima simu, huchomoa kengele ya mlango, na kama angeweza angewazima na ndege. Alishawatangazia wote, na ni Averil aliyemcheka zaidi kwa hilo. Akapiga kwa Rufus. Rufus alikuwa kwenye trekta anakata nyasi kule chini kabisa bondeni, masikio kayafunika yale mavikombe ya kuzuia kelele, na simu yake bila shaka ilikuwa inalia peke yake ndani ya koti, kwenye lile gari walilolitegemea wote, ambalo alilipaki hukohuko bondeni.

"Mimi nitateremka nimfuate Rufus," Humphrey alisema. "Kilima hiki nyonga yangu haikiwezi. Panda wewe. Averil! Usiishike! Unanisikia? Usiishike mkononi hiyo chupa!"

Averil alikuwa ameshatoka.

Nyumba ya Rufus na Imogen ilikuwa juu ya kilima, ghala la zamani la matofaa lililotengenezwa upya, na barabara ya kwenda huko ilizunguka shamba zima kama mtu asiye na haraka. Averil hakuifuata. Alikata moja kwa moja. Tatizo ni kwamba mistari ya mizabibu ililala kukingama na kilima, mstari juu ya mstari, arobaini na mmoja, na kila mstari una waya. Kila alipofika alijikunja, akapita chini ya waya wa chini kati ya shina na shina, akainuka, akapiga hatua tatu, akajikunja tena. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mstari wa nne ulimchana sweta, akaivua akaiacha ikining'inia. Mstari wa tisa alijigonga goti kwenye jiwe.

Mizabibu ilikuwa imechanua. Maua yenyewe ni madogo, huwezi kuyaita maua, vumbi la kijani tu, lakini watu husema harufu yake ni kitu cha kumliza mtu mzima. Kila mwaka wiki hiyo familia husimama getini jioni, kimya, wakinusa. Mwaka huu Averil alisimama nao juzi, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu kama mcheza tamthilia, na Humphrey akamshika mkono. Sasa vumbi lile lilimjaa kwenye nywele na mdomoni na hakusikia chochote.

Jua liliwaka siku ya tatu mfululizo. Kufika mstari wa kumi na tisa alikuwa anahesabu kwa sauti, kwa sababu asipohesabu anaona. Aliona kipande cha kioo usawa wa macho. Kisha aliona kitanda, miguu yake mifupi ya mbao, na umbali kati ya sakafu na godoro, ambao ni shubiri mbili. Aliujua umbali ule vizuri. Ni yeye aliyeisukuma chupa mle ndani.

Siku hiyo, mtoto ana siku tatu, Imogen alisimama akiiangalia chupa kwa muda mrefu. Imogen alikuwa mwalimu wa shule kule Coventry kabla ya kuolewa, na alikuwa na tabia ya kuuliza.

"Averil, haina hatari hii?"

"Hatari gani? Rufus alilalia yake. Baba yake alilalia yake."

"Nimesoma kwamba ikiwa haijaisha kuchacha—"

"Umesoma," Averil alisema, na hakuna Mgwilliam asiyejua namna alivyolisema. "Hapa hatuisomi asali, mwanangu. Tunainusa."

Wote walicheka. Imogen naye alicheka, wa mwisho.

Mstari wa ishirini na sita. Watu husema majuto ni mjukuu, na wakisema huwa wanamaanisha kwamba huja baadaye. Wa Averil alikuwa na wiki nane, uzito wa kilo tano, na alikuwa amelazwa juu ya bomu ambalo nyanya yake alilifunga huku akiimba. Mungu wangu, alisema. Alikuwa mtu wa kanisani siku za Krismasi tu, na alijua kwamba hana haki ya kuomba, akaomba hivyohivyo. Asipasuke huyo. Nipasuke mimi.

Mlango wa jikoni wa nyumba ya juu ulikuwa wazi. Imogen alikuwa amelala akiwa amekaa, shavu juu ya rundo la nepi safi mezani, mdomo wazi. Averil aligonga kiti kwa bahati mbaya na Imogen akashtuka, kidole tayari kiko mdomoni.

"Shhh! Averil, tafadhali! Kalala sasa hivi! Mimi sijafumba jicho tangu saa kumi alfajiri, naapa ukiniamshia mtoto nitahama nirudi kwetu."

Hapo ndipo Averil aliposikia uongo ukimjia wenyewe, umeshavaa na viatu. Nimekuja kubadilisha chupa tu, lebo yake ina makosa. Ungefaa. Ungemfunika. Imogen angesema haya, ila subiri aamke, saa moja tu, kaa unywe chai. Na Averil alijua kwamba saa hiyo moja ndiyo ingekuwa bei ya pua yake.

"Chupa itapasuka," alisema. "Pacha wake kapasuka, asubuhi hii, nimeona kwa macho yangu. Niliifunga mbichi. Imogen, mimi sina pua. Tangu Januari sisikii harufu ya kitu chochote, nimewadanganya wote, mtoe mtoto, mtoe mtoto."

Alitegemea kelele. Imogen hakupiga kelele. Alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, macho yakamtoka, na jambo ambalo Averil alilikumbuka baadaye ni kwamba hakutazama juu, kwenye chumba. Alitazama ngazi.

Walipanda pamoja. Ngazi zenyewe zilikuwa za mbao, nyembamba, hatua kumi na tatu, na huko juu kijikorido cha kutosha mtu mmoja na nusu. Mlangoni mwa chumba Averil alimvuta Imogen nyuma kwa mkanda wa gauni. "Mimi. Nitamtoa mimi. Likitokea linipate mimi."

Chumba kilikuwa kama tanuri. Tabitha alikuwa amelala chali, mikono juu ya kichwa kama mtu aliyesalimu amri, nywele zimemganda kwa jasho. Averil alikaribia kwa vidole vya miguu, miguu yake mwenyewe akiiona imesimama pale mbele ya uvungu, imevaa soksi tupu, kwa sababu viatu sijui alivipoteza mstari gani. Aliinama. Alimwingizia mkono chini ya shingo, mwingine chini ya matako, akamnyanyua polepole, akajigeuza mgongo kwa kitanda, akatoka hatua moja, mbili, tatu, nne. Akageuka kuangalia.

Chini ya kitanda kulikuwa na soksi moja ya kichanga na vumbi.

"Iko wapi?"

Imogen alikuwa amesimama mlangoni hasogei.

"Imogen. Chupa iko wapi?"

"Niliitoa," Imogen alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa shule aliyekamatwa. "Siku ileile mlipoondoka. Huwa nairudisha Jumapili mnapokuja kula. Rufus hajui. Averil, nisamehe, niliogopa, kila nikimlaza nilikuwa naogopa."

Averil angeweza kumbusu miguu. "Mungu akubariki. Iko wapi sasa?"

Imogen alielekeza kidevu nyuma yake, taratibu, bila kugeuza kichwa, kama anayemwonyesha mtu nyoka.

"Kabati la mashuka," alinong'ona. "Si mlisema inataka giza?"

Kabati la mashuka lilikuwa pale mwisho wa ngazi, mkono wa kulia, hatua moja kutoka ngazi ya juu. Walikuwa wamelipita sasa hivi, wote wawili, nyonga zao zimeufuta mlango wake. Na ndani ya kabati lile, nyuma ya mashuka, ndimo lilimokaa tangi la maji ya moto. Giza lilikuwapo, kweli. Chupa ilikuwa imeatamiwa kama yai wiki nane nzima.

Hapakuwa na njia nyingine. Dirisha la chumba lilikuwa kidirisha cha paa, hata paka angebishana nalo. Wakakaa kimya wakisikiliza, na katika kimya hicho walisikia kitu, kidogo sana, kama ukucha unaokwaruza sahani. Averil aliijua sauti ile kwa sababu ndiye aliyeifanya kwa mara ya kwanza, kwa koleo. Ulikuwa waya.

"Mshike," alisema, akampa Imogen mtoto. Aliling'oa godoro kitandani. Lilikuwa godoro dogo, la kumtosha Tabitha, na kumfunika Averil lilianzia mapajani likaishia kifuani. Juu yake akaweka mfarishi ulioshonwa na Dorcas. "Sikiliza. Nitasimama kwenye mlango wa kabati. Wewe unapita nyuma yangu. Usikimbie. Ukijikwaa kwenye hizo ngazi tumekwisha."

"Na wewe?"

"Mimi nina nyama nyingi."

"Averil—"

"Imogen, ulikuwa sahihi, haya, nimesema, utanikumbusha maisha yako yote. Sasa pita!"

Alitoka mpaka kijikoridoni akaligandamiza godoro kwenye mlango wa kabati kwa mikono na kifua, uso kaugeuzia ukutani, macho kafumba. Mbao za mlango zilikuwa na joto. Alihisi Imogen akipita nyuma yake, kiwiko kikamgusa mgongoni, pumzi ya mtoto ikampita sikioni. Tabitha alipiga chafya. Averil nusura azimie.

Ngazi ya kwanza ililia. Ya pili. Averil alihesabu kama alivyohesabu mistari ya mizabibu. Ya tano. Ya sita. Nenda, nenda, alisema kimoyomoyo, mwanangu nenda. Waya ulilia tena. Ya nane. Ya tisa.

Mlango ulimpiga teke. Hakusikia mshindo, aliuhisi kifuani, na alipofumbua macho alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, godoro mapajani, na masikio yake yanaimba. Ubao wa kati wa mlango ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka chini. Vipande vitatu vya kioo vilikuwa vimepenya ubao vikakwama kwenye godoro la Tabitha, vimejitokeza upande wa pili vidogo kama meno. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mkwaruzo, damu ya kutosha kumtisha mtoto, basi. Chini ya mlango divai ya asali ilianza kutoka, ikafika ukingo, ikateremka ngazi ya kwanza, kisha ya pili.

"Averil! Averil!"

"Nipo." Sauti haikutoka. "Nipo! Mtoto?"

"Mzima! Hana kitu!"

Tabitha aliamua kulithibitisha hilo mwenyewe. Alilia kilio cha mtu aliyeamshwa bila adabu, na Averil akakisikiliza chote, pale sakafuni.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje gari lilipofika kwa kasi. Rufus aliruka kabla halijasimama, akamshika mtoto kichwa, mikono, vidole, akamshika mkewe, akamshika mama yake, kisha akaingia ndani kuona, akatoka. Nyuma yake Humphrey alishuka taratibu akiwa amevaa kofia yake ya nyuki, wavu usoni, na glovu mpaka viwikoni. Hakuna aliyewahi kujua alikusudia nini. Alisimama mlangoni, akafunua wavu, akanusa.

"Mkate," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Avi. Kumbe ulikuwa huisikii."

"Sisikii. Tangu yale mafua."

Humphrey alivua glovu moja. "Na ile supu ya samaki ya Pasaka?"

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa imeoza, mama wee. Ulikula bakuli mbili ukasifia. Mimi nikala yangu nikimeza kama dawa, nikasema kama pua ya Averil imeipitisha, mimi nani?"

Rufus alicheka, cheko la woga linalokaribia kilio, na Averil naye akajaribu akashindwa. Meno yalikuwa yanagongana kwenye jua lile kali.

"Mimi nilihisi," Imogen alisema taratibu. "Juzi. Ulimpakata robo saa nzima na nepi imejaa mpaka mgongoni, ukaniambia ananukia waridi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Nani hapa angenisikiliza mimi juu ya pua yako?" Akampangusa mtoto jasho la usoni. "Halafu nilikuwa na chupa kabatini. Mtu mwenye chupa kabatini hamsemi mwenziwe."

Averil aliangalia mikono yake. Kila aliyekuja kumwona Tabitha aliinama, akamnusa utosini, akasema aah. Hata mtu wa posta. Naye aliinama kama wao, akasema aah kama wao, wiki nane, na hakuwahi kujua wenzake wanasema aah kwa ajili ya nini. Hilo lilimuuma kuliko stoo, kuliko mapipa, kuliko jina. Hakuwa amemwambia mtu.

"Mchukue," Imogen alisema.

"Natetemeka. Nitamwangusha."

"Mchukue, Averil. Nitakushika mikono."

Mtoto alimkalia mapajani, mzito, wa moto, amechoka kulia. Averil alishusha uso mpaka nywele zikamgusa midomo, akavuta pumzi, na hakikuja kitu.

"Niambie," alisema. "Usinidanganye. Ananuka nini?"

Imogen aliinama akanusa kichwa cha mwanawe, akanusa tena. Akatazama mlango, ambako divai ya asali ilikuwa bado inadondoka ngazi kwa ngazi, akasita, kama mtu asiyependa jibu alilonalo.

"Mkate," alisema.

Averil aliukaza mkono, kisha akausikia umekaza, akaulegeza.

"Basi yu hai," alisema. "Huyu hafungwi."